Salamu ya Alhamisi

Kwenye kigango chetu, upande wa Rwamgasa, huko Geita, watu walikuwa na tabia ya kuimeza sala ya kuungama. Walianza vizuri, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, halafu wakifika pale pa mwisho, "na kwa kutotimiza wajibu," sauti zinazama kama ng'ombe kwenye tope la lambo. Katekista alikuwa anasimamisha ibada nzima. Anafunga kitabu, anatutazama mmoja mmoja.

"Mmeimeza," anasema. "Rudieni. Hilo ndilo mnalolitenda kila siku, ndiyo maana halitoki mdomoni."

Tunarudia. Siku nyingine mara tatu, jua limeshapanda, watoto wanalia njaa. Hakuwa na haraka mtu yule.

Namwita Katekista kwa sababu hakuna aliyemwita vingine. Hata mke wake, kabla hajafariki, alimwita hivyo akimtengea ugali. Alizaliwa wapi, ukoo gani, sikuuliza. Mimi nilikuwa mfagiaji wa kanisa lake zaidi ya miaka ishirini, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa tayari na wajukuu, kwa kitabu cha katekisimu na kijiti cha kuonyeshea. Nikikosea silabi anagonga meza, siyo vidole vyangu. Lakini msidhani naandika kumsifu. Yapo mambo yake niliyomsamehe, na lipo moja ambalo mpaka Jumatatu hii lilikuwa bado.

Kwanza salamu yake. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kengele iliyolegea. Akifika kwenye minyaa ya boma lako anapiga kengele mara mbili, anateremka, anasema kwa sauti ya kuita mifugo, "Tumsifu Yesu Kristo!" Halafu anasimama. Usipojibu, haondoki. Kwa mzee Mwislamu muuza chumvi alisema "Asalaam aleikum" na akasimama vilevile. Kwa wasio na dini alisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akasimama. Siku moja jirani yangu alikuwa amepigana na mumewe, akajifungia ndani. Katekista akasimama juani tangu asubuhi mpaka kivuli kikawa chini ya miguu. Mwisho yule mama akafungua mlango, uso umevimba, akapiga kelele, "Milele na milele, amina! Haya, nimejibu, ondoka!"

"Kumbe mzima," Katekista akasema, akapanda baiskeli yake.

Alipenda kusema: "Ukimsalimu Mungu na jirani usimsalimu, umepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Kwetu salamu si jambo dogo, na mtu wa mjini aelewe hapa. Wapo sungusungu, jeshi la jadi la kijiji, na mkubwa wao tunamwita mtemi. Wakiamua kumtenga mtu, anakuwa kama kisiki njiani. Hasalimiwi. Hapewi moto wa kuwashia jiko. Kisimani watu wanaondoka akifika. Akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Na anayemsalimu anatozwa ng'ombe. Sijawahi kuona adhabu mbaya kuliko hiyo, na nimeona watu wakichapwa. Mara nyingi kutengwa huwa ndiyo hatua ya kwanza. Ya pili haisemwi.

Tabia nyingine ya Katekista ni kwamba hakusahau kitu. Siku moja alikwenda semina Ushirombo, akarudi mpaka nusu ya njia, akakumbuka penseli aliyoiacha kwenye nyumba aliyolala. Akageuza baiskeli.

"Penseli, Katekista?" nilimuuliza, maana alifika kwetu kesho yake amechubuka miguu.

"Siyo yangu. Ni ya watoto wa Komunyo ya Kwanza."

Ufunguo wa kanisa aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani. Alilala nao, alioga nao. "Mlango wa kanisa usiofunguliwa ni ukuta tu," alisema, na kila Jumapili saa moja kasoro alikuwa anaufungua, hata kama mvua imenyesha na tutakuja watu watano.

Shambani kwake aliacha tuta moja la karanga bila kuvuna, pembeni, kwa ajili ya wasio nacho. Vizuri. Lakini alikuwa anakaa kwenye kigoda akilinda tuta la pili, asije maskini akazidisha. Akafundisha watu kusameheana, na yeye na kaka yake hawakuongea miaka tisa kwa sababu ya ng'ombe mmoja wa mahari. Kila Jumatano ya Majivu, na majivu yake usoni, alikwenda mpaka kwenye boma la kaka yake, akasimama, hakupiga kengele, akarudi. Mwaka wa kumi kaka mtu akamfuata njiani akamwambia, "Mbona unasimama kwangu kila mwaka kama kondoo aliyepotea? Ingia ule." Ndivyo walivyopatana.

Na bundi. Alituhubiria kwamba bundi ni ndege kama kuku. Lakini nilimwona kwa macho yangu, bundi akilia, anakatiza sentensi na kutema mate kushoto.

"Na hiyo ni nini, Katekista?"

"Mate tu, Mama Shija."

Kwa hiyo alikuwa mtu. Mwanaume wa imani kali, na chini ya imani hiyo kulikuwa na woga alioufunika kama watu wanavyofunika kisima kwa mbao. Ukipita haraka huoni.

Sasa nifike kwenye maji.

Kanisani tulikuwa na mtungi wa maji ya baraka. Mimi ndiye niliyeyachota kisimani, Padre akija kila baada ya wiki kadhaa anayabariki. Jirani na kigango kuna maduara, yaani mashimo ya wachimba dhahabu. Kule hakuna anayeshuka bila nfumu, mganga wa ramli. Nfumu anasema lini mshuke, mchinje nini, mwanamke yupi asipite karibu. Wachimbaji wetu Wakatoliki walikuwa wanasali Jumapili na Jumatatu wanakwenda kwa nfumu, wala hawakuona ajabu. Walivaa rozari chini ya shati pamoja na hirizi. Katekista aliwakuta akazikata kamba. "Rozari ni ya vidole," alisema. "Mwamba hausali."

Kulikuwa na mwenye duara mmoja, kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa ubatizo wa Katekista mwenyewe. Akaja siku ya katikati ya wiki, na dumu, akaomba maji ya baraka akanyunyizie mdomo wa duara lake. Katekista akampa. Kubariki mahali pa kazi siyo dhambi, hata Padre anabariki mashine za kusaga. Lakini Katekista alimjua yule kijana, aliwajua wote, na hakumuuliza swali moja: nani amekutuma? Maana nfumu ndiye aliyemtuma. Alishawaambia, duara hili halitatema dhahabu mpaka linywe maji ya kanisa.

Yote hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba siku ya pili yake matimba, zile nguzo zinazozuia ukuta wa shimo, yalikatika, na watu watatu wakafukiwa. Mwenye duara alikuwa mmoja wao.

Nfumu hakukubali kuaibika. Akapiga ramli, akasema maji yalikuwa mazuri, ila yaliharibiwa kabla hayajafika. Yaliharibiwa na mkono ulioyachota. Bibi mwenye macho mekundu.

Macho yangu ni mekundu, ndiyo. Nimepika kwa mabua ya pamba miaka hamsini. Mabibi wote wa kwetu macho ni mekundu, na hilo ndilo linalotuua.

Mtemi akaita mkutano. Nikasimama mbele ya kijiji nikasema, "Mimi naapa, sijampa mtu yeyote maji. Mtungi ni wa kanisa, na ufunguo siyo wangu." Katekista alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilimtazama, nikingoja aseme, "Huyu bibi anasema kweli." Alikuwa anatazama ukosi wa mtu aliyekaa mbele yake. Nikadhani anasali.

Nikatengwa siku hiyohiyo.

Alhamisi ilikuwa siku ya jumuiya, sala ya majirani nyumba kwa nyumba, na wiki ile ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Nilitandika mikeka. Nilijua hawaji, lakini zamu ni zamu. Saa kumi nikasikia kengele iliyolegea.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Siku tatu nilikuwa sijasikia sauti ya mtu. Nilitoka nje nikajibu kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia.

"Wako wapi wengine?" nikauliza.

"Wapo makwao."

"Basi tuahirishe."

"Wawili tunatosha, Mama Shija. Funua kitabu."

Tukasali. Aliimba sauti ya kwanza na besi yeye mwenyewe, zote vibaya. Alipotoka, sungusungu walikuwa wanamngoja kwenye minyaa, na kesho yake walichukua ng'ombe wake mmoja.

Alhamisi ya pili akaja tena. Wakachukua wa pili. Ya tatu, vilevile.

"Umebakiwa na ng'ombe wangapi?" nilimuuliza.

"Wa kutosha Alhamisi mbili."

Nikacheka, na sikuwa nimecheka muda. Lakini nilianza kuona mambo. Kila siku nikitoka asubuhi nilikuta nyayo za watu nyuma ya nyumba, zimesimama mahali pamoja, kama za mtu aliyekuwa anapima. Mbwa wangu akafa bila kuugua. Mtoto wa jirani, ambaye nilimlea mgongoni, aliniona njiani akafunika macho kwa mikono yake yote miwili. Nikajua hatua ya pili inakaribia.

Alhamisi ya nne tulianza sala ya kuungama. Kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo. Halafu Katekista, yeye mwenyewe, akaimeza.

Nikafunga kitabu.

"Umeimeza," nikasema. "Rudia."

Hakurudia. Alishika ule ufunguo shingoni, akauzungusha zungusha.

"Maji yale niliwapa mimi," akasema.

Nikakiweka kitabu mkekani.

"Ulikuwepo mkutanoni," nikasema.

"Nilikuwepo."

"Ukanisikia naapa."

"Nilikusikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Nikawaza, wakinitenga mimi, nani atafungua kanisa? Nani atafundisha watoto?"

"Hiyo ni sababu nzuri sana, Katekista," nikamwambia. "Shetani haleti sababu mbaya, angekosa wateja."

Akainuka bila baraka ya mwisho. Jumamosi asubuhi akamwomba mtemi aite watu.

Mimi niliambiwa nikae chini, pembeni, peke yangu. Katekista akasimama katikati. Siku zote akisema mbele za watu huvaa kanzu yake nyeupe, siku ile alikuja na shati la shambani. Akasema yote. Kwamba kijana alikuja, kwamba yeye alimimina maji kwa mkono wake, kwamba bibi huyu hakuwepo wala hakujua, kwamba alikaa kimya kwa woga, na kama kuna wa kutengwa ni yeye. Mwisho akajipiga kifua mara tatu, tukasikia mpaka kule nyuma.

Hakuna aliyecheka wala kuzomea. Ningependa wangezomea. Mtemi alikaa akichokonoa ardhi kwa rungu lake, kisha akasema polepole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa:

"Mnaona, jamani? Mkono wake mrefu. Alhamisi nne Katekista ameingia kwa yule bibi. Leo anasema maneno ya bibi."

Sauti ya mwanamke nyuma yangu ikasema, "Maskini Katekista wetu. Ameshafanywa msukule."

Watu wakaguna wote kwa pamoja, na wakaacha kumtazama yeye, wakanitazama mimi. Ukweli aliochelewa kuuleta ulifika umeshageuka uongo. Kama angeusema mkutano wa kwanza, labda. Ule wa pili uliniongezea kosa: sasa nilikuwa nimemloga hata mtu wa Mungu.

Nadhani yeye alielewa kabla yangu. Alikuja akanishika mkono mbele ya wote. "Inuka, mayu," akasema. Mayu ni mama, hakuwahi kuniita hivyo. Akanitembeza mpaka barabarani, katikati ya watu, polepole, na hakuna aliyethubutu kumpita. Mwanangu Shija alikuwa pale na pikipiki. Katekista alishampigia simu tangu Alhamisi. Kumbe alijua yanaweza kuharibika. Niliondoka na kanga mbili na kitabu cha sala. Tukiwa barabara kuu niliona moshi nyuma, nikadhani mtu anachoma shamba.

Ndivyo nilivyokuja kukaa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, nyumbani kwa Shija. Miaka sita sasa. Nasikia walitaka kumchanja chale Katekista ili kumtoa kwenye mikono yangu, akakataa, wakamwacha kama mtu aliyepona nusu. Akaendelea kufungua kanisa.

Jumatatu hii, asubuhi, nilikuwa uani nachambua mchele. Nikasikia getini:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Sauti niliijua, ingawa ilikuwa imepungua. Sikujibu. Nilichukua punje moja ya jiwe, nikaitupa, nikachukua nyingine. Nilimwacha asimame. Mke wa Shija akatoka jikoni, "Mama, si kuna mgeni?" Nikamwambia, "Mwache, huyo amezoea kusimama." Nilipoona inatosha nikajibu, "Milele na milele, amina. Ingia."

Amezeeka vibaya. Hana baiskeli, sungusungu waliichukua. Macho yake yamekuwa mekundu kama yangu, ni moshi wa kujipikia. Akanywa uji mabakuli mawili. Kisha akanieleza. Lile duara limefunguliwa tena, na mwenye duara ni mwingine. Nfumu ni yuleyule. Amesema aliyeharibu maji hayupo tena, kwa hiyo yaletwe maji ya kanisa, na ayamimine Katekista kwa mkono wake. Mara hii aliuliza nani amewatuma. Akawaambia hapana. Wakarudi mara tatu, hapana. Wiki iliyopita matimba yakakatika, wawili wamekufa.

"Wamekutenga," nikasema.

"Tangu Ijumaa. Jumamosi hii wanakaa tena."

Sikumuuliza wanakaa kwa ajili ya nini.

"Mama Shija," akasema, "nimekuja kuomba msamaha. Sikuwahi kuomba."

"Maji nimekusamehe zamani," nikamwambia. "Ukimya bado."

Akaitikia kwa kichwa. "Ni haki."

"Baki hapa. Shija atakutafutia chumba."

"Jumapili nani atafungua kanisa?"

"Nani atakuja, Katekista? Umetengwa!"

"Hilo siyo swali la mfungua mlango."

Akaaga. Nilimsindikiza mpaka getini, nikamtazama anavyoshika ukuta akitembea. Niliporudi uani, juu ya kigoda alichokalia kulikuwa na ufunguo, na kamba yake ya katani imeviringwa vizuri kama mtu anavyoviringa kitu cha kutunzwa.

Shija alipotoka kazini nikamwonyesha. "Amesahau, mama," akasema. "Uzee huo. Nitampigia." Simu haikupatikana. Mpaka leo haipatikani.

Mtu aliyegeuza baiskeli nusu ya njia kufuata penseli. Hakusahau. Aliuacha wasije wakaukuta shingoni mwake, wakaingia kuchukua maji.

Leo ni Alhamisi. Tumekuwa na jumuiya hapa Ngokolo, watu ishirini na zaidi, viti vya plastiki, soda. Walipofika pale pa mwisho pa sala wakameza wote, na hakuna aliyewasimamisha. Nikasema, "Mmeimeza." Wakanitazama kama kichaa. Mwenyekiti akatabasamu akaendelea. Na mimi nikanyamaza. Nikakaa nikitazama ukosi wa mtu aliyekaa mbele yangu, na hapo ndipo nilipojua Katekista alikuwa wapi siku ile ya mkutano. Sasa nimemsamehe hata ukimya. Lakini yeye hajui.

Najua nikienda itakuwaje. Bibi aliyefukuzwa, macho yaleyale, amerudi siku moja kabla ya mkutano. Neno langu halitamsaidia, kama lake lilivyoshindwa kunisaidia mimi. Sikumbuki kama alipiga hesabu hiyo alipokuja kwangu Alhamisi nne na ng'ombe wake wanapungua.

Ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya kanga, mafundo mawili. Basi la Geita linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Shija nitamwambia nikiwa njiani, maana nikimwambia leo atafunga geti. Wawili tunatosha.

Kuna mtu kule anasalimu, na hajibiwi.